Mteremko wa Nyantale

Unyayo wa Paskazia ulikuwa ukitafuta mzizi. Ulipaswa kuwa hapo, mbele kidogo ya jiwe lililoota ukoga, mzizi mnene uliokatiza njia kama mkono wa mtu aliyelala. Akapunguza mwendo huku akijifanya anasikiliza ndege, mpaka kidole gumba cha mguu wa kulia kikaugusa. Akauvuka.

"Angalieni mzizi hapo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeuona tangu mbali.

"Tumeuona, mama," alijibu Suhaib nyuma yake.

Wageni wa siku hiyo walikuwa wa nyumba moja, kutoka Mabatini, ng'ambo ya pili mjini Mwanza. Suhaib alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki pale Mkuyuni, kijana wa maneno machache mwenye tabia ya kukitazama kila kitu kama anakikagua kabla ya kukinunua. Mkewe, Nusrat, alifundisha watoto wa chekechea na alikuwa na sauti inayoendana na kazi hiyo, tulivu na ya wazi. Aliyewaleta wote alikuwa mama yake Suhaib, Bi Moza. Magoti yalikuwa yamemsumbua kwa muda mrefu, akaambiwa kwamba huku Nyantale, kwenye nyumba ya wageni iliyo chini ya mlima, kuna bafu za mvuke na majani zinazolegeza viungo. Akaja, akakaa kwenye mvuke, akaona nafuu. Alipoona nafuu akataka kupanda mpaka kwenye chemchemi yenyewe yanakotoka yale maji.

"Nimeuza vitenge Sengerema na Geita tangu huyu Suhaib hajazaliwa," alimwambia Paskazia asubuhi ile, wakati wanafunga mabegi. "Kila nikivuka na kivuko pale Busisi nauona mlima huu umejitanda msitu wake, nasema, siku moja nitapanda. Kivuko kimeondoka, daraja limekuja, watu siku hizi wanavuka kabla hawajamaliza kusalimiana. Na mimi bado sijapanda."

"Leo utapanda, mama," Paskazia alimjibu.

Alikuwa amewaambia wageni wengi maneno hayo, na kila mara yalikuwa kweli. Aliufahamu mlima huu tangu alipokuwa akibebwa mgongoni na mama yake kwenda kuokota kuni. Nyumba ya wageni ilipojengwa na wakaanza kutafutwa watu wa kuwapandisha watalii, wanaume wa kijiji walijitokeza wengi, naye akajitokeza peke yake kwa upande wa wanawake, na kanga yake kiunoni. Wale wanaume mmoja mmoja walihamia kwenye machimbo au uvuvi. Yeye akabaki. Wageni walimpenda kwa sababu hakuwa na haraka. Aliwapa majani wayafikiche na kuyanusa, aliwasimamisha ili wasikie hondohondo akipiga mabawa juu ya vilele vya miti, akawaonyesha pimbi wanaoota jua kwenye majabali kama wazee wa baraza.

Msimu huu aliacha kuvaa buti walizopewa na ofisi. Alimwambia Jonathan, msimamizi wao, kwamba zinambana. Sasa alipanda na kandambili nyembamba zilizoisha nyayo, na wageni walidhani ndiyo desturi ya watu wa huku. Tena alikuwa na namna mpya ya kugeuza kichwa chote, huku na huku, taratibu, na wageni wakadhani anawatafutia tumbili.

Ukweli aliujua yeye na binti yake Precious, msusi aliyepanga chumba Mkuyuni. Dunia ya Paskazia ilikuwa inaliwa pembeni. Ilianza kidogo kidogo, kikombe kinachoangushwa, bega linalogonga mlango. Siku moja sokoni alipita katikati ya fungu la nyanya la mwanamke mwingine bila kujua kuwa kuna nyanya, na Precious, aliyekuwa nyuma yake, hakungoja tena. Alimpeleka kwa daktari.

"Ni presha ya macho," daktari alisema. "Kilichokwisha kupotea hakirudi, mama. Tunachoweza ni kulinda kilichobaki."

Kilichobaki kilikuwa duara. Ndani ya duara hilo aliona vizuri, uso wa mtu, jani, kifungo cha shati. Nje yake hapakuwa na giza wala mwanga. Hapakuwa na kitu. Na penye uhaba wa mwanga, hata lile duara lilijaa ukungu.

"Mwambie Jonathan," Precious alimsihi kila alipompigia simu. "Mama, unapandisha watu mlimani."

"Msimu ukiisha nitamwambia."

Jonathan hakuwa mtu mbaya. Angemsikitikia, angemtafutia kazi ndani. Paskazia aliiona kazi yenyewe, chumba cha nyuma ya bafu, taulo nyeupe zenye joto, kukunja na kupanga, kukunja na kupanga, uso umeelekea ukuta. Hakuidharau. Ila kila alipoifikiria, pumzi ilimpungua, kama mtu aliyefunikwa blanketi mpaka kichwani.

"Simama."

Suhaib, nyuma yake njiani, hakupaza sauti, ndiyo maana Paskazia alisimama.

"Usisogeze mkono wa kushoto," akasema kijana. "Kwenye tawi. Karibu na nyonga yako."

Paskazia aligeuza kichwa. Aliona majani. Akakishusha kidogo, akaona majani mengine. Kitu kikateleza, majani yakatikisika, na Bi Moza akasikika akinong'ona dua.

"Amekwenda," alisema Nusrat, akishusha pumzi. "Nyoka wa kijani kabisa."

"Nilimwona," Paskazia alisema. "Hao hawana shida na mtu, mradi usimguse."

"Ulikuwa unakaribia kumgusa," alisema Suhaib.

Waliendelea kupanda, na Paskazia alihisi macho ya yule kijana mgongoni mwake, yakipima.

*

Chemchemi ya Nyantale inatokea kwenye ufa wa jabali, karibu na kilele, chini ya mti mkubwa ambao matawi yake yameenea kuliko paa la nyumba. Maji hujikusanya kwenye bonde la jiwe, halafu yanateremka kimyakimya kwenda kutafuta watu. Kutoka hapo msitu unaachia nafasi, na Ziwa Victoria linaonekana lote, visiwa vyake, na mbali kabisa lile daraja, jembamba kama uzi uliovutwa juu ya maji.

Bi Moza alikaa juu ya jiwe, akavua viatu na soksi, akazamisha miguu. Kisha akacheka peke yake, kicheko kidogo cha msichana.

"Baridi," akasema. "Na yale ya kule chini yanachoma."

Paskazia alichuchumaa mbele yake kumsaidia kuosha magoti. Aliuweka uso wa yule mama katikati ya duara lake na kuutazama kwa raha. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna aliyemfundisha. Kila mtu anapofika juu hubadilika sura kidogo, wengine wanakuwa watoto, wengine wanakuwa wapole, na mwenye kuongoza akikaa vizuri anaona jinsi inavyotokea. Bi Moza alikuwa ameanza kusimulia habari za mizigo ya vitenge iliyowahi kulowa kivukoni. Paskazia alikuwa anacheka.

"Mama," Nusrat aliita kutoka ukingoni. "Ziwa limebadilika rangi."

Paskazia alisimama na kugeuza mwili mzima kuelekea magharibi. Duara lake likapita juu ya maji, na maji yalikuwa meusi. Akakiinua kichwa. Wingu lilikuwa limekwisha kula visiwa vya mbali, na chini yake ukuta mweupe wa mvua ulikuwa unatembea juu ya ziwa, haraka, ukija upande wao.

Mtu yeyote anayepandisha wageni Nyantale huacha jicho moja ziwani. Ndilo somo la kwanza. Wingu la namna ile haliji ghafla, linaanza dogo, linakupa muda wa kutosha kuwakusanya watu na kushuka. Lilikuwa limempa muda huo, naye hakuuona. Lilikuja lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwenye ule upande wa dunia usiokuwepo.

"Tuvae viatu," akasema. "Tunaondoka sasa hivi."

Hawakuwahi. Upepo uliwakuta Bi Moza akiwa na kiatu kimoja. Ulikuja na vumbi la majani, halafu matone makubwa yaliyopiga kama kokoto, halafu mvua yote kwa pamoja. Mchana ulizimika. Walijibana kwenye shina la ule mti mkubwa, Suhaib akimkinga mama yake kwa koti, na radi ikapasua juu ya kilele kwa mlio mkavu, bila kutanguliwa na mngurumo wowote.

"Tukae hapa hapa mpaka ipite," alisema Suhaib.

Paskazia aliinamisha kichwa kusikiliza. Alikuwa ameweka kiganja kwenye shina, na ndani ya mti alisikia kitu kikilia. Haukuwa mlio wa upepo. Ulitoka chini, kwenye moyo wa mti.

"Tokeni," akasema. "Tokeni chini ya mti. Njooni huku kwenye jabali."

Alimshika Bi Moza mkono na kumvuta. Nusrat akafuata, Suhaib akafuata akinung'unika, na walikuwa bado hawajanyooka vizuri wakati tawi lenye unene wa mwili wa ng'ombe lilipoachia juu yao na kuangukia pale walipokuwa wamesimama. Maji ya chemchemi yaliruka na kuwalowesha upya. Kiatu cha pili cha Bi Moza kilibaki chini ya tawi.

Sasa hakuna aliyenung'unika. Walimtazama Paskazia.

Njia waliyopandia ilikuwa inapita kwenye jabali la wazi, tupu kama kiganja, na kupita pale wakati radi ikipiga ni kuitafuta. Ilikuwepo nyingine. Upande wa kaskazini, ukingo mwembamba ulifuata ubavu wa mwamba mpaka kwenye pango ambalo wachunga ng'ombe walilitumia zamani. Kulia ni ukuta wa jiwe. Kushoto hakuna kitu ila vilele vya miti, chini sana. Haukuwa mbali. Paskazia alikuwa ameupita tangu akiwa mtoto, na miguu yake iliukumbuka kila mahali unapopanda na kila mahali unapobonyea.

"Nifuateni," akasema. "Kuna pango. Mama, nishike mkono, usiniachie."

Walifika mwanzo wa ukingo. Mkono wa Bi Moza ulikuwa ndani ya mkono wake, mdogo, umelowa. Paskazia alitazama mbele. Duara lake lilikuwa limegeuka kijivu kitupu, kama kioo cha gari kilichojaa mvuke. Akafumba na kufumbua. Kijivu. Akanyoosha mguu, akaupata mwanzo wa ukingo, jiwe lenye mfereji katikati. Lilikuwepo mahali pake. Angeweza. Nyayo zingemwambia. Kama angekuwa peke yake asingesimama hata kidogo.

Aligeuka kutazama nyuma na hakuona mtu, ila alihisi ule mkono.

"Sioni," akasema.

"Unasemaje?" Upepo ulikuwa unachukua maneno. Suhaib alisogea. "Unasema nini, mama?"

"Sioni. Macho yangu ni mabovu. Kukiwa na giza sioni chochote. Njia naijua, lakini siioni."

Mkono wa Bi Moza ulikaza ndani ya wake.

"Tangu lini?" aliuliza Suhaib.

"Tangu mwaka jana."

"Yule nyoka—"

"Sikumwona."

"Umemleta mama yangu huku juu." Sauti yake haikupanda, ilishuka, na ilikuwa mbaya zaidi kwa kushuka. "Mama yangu ana miaka sabini. Umemleta huku ukijua huoni."

"Ndiyo."

"Suhaib," alisema Nusrat. "Hayo baadaye. Sasa tuvuke." Alikuwa amewasha tochi ya simu yake na kuikinga mvua kwa kiganja. Kwa Paskazia mwanga ule ulikuwa doa jeupe linaloelea tu. "Mama, mimi naona. Kidogo, lakini naona. Niambie nitafute nini."

Paskazia alijibana ukutani kumpisha. Kwa muda wote wa kazi yake hakuna mgeni aliyewahi kumtangulia mahali pa hatari.

"Pita mbele yangu," akasema. "Mkono wako wa kulia usiache ukuta. Jiwe la kwanza lina mfereji katikati. Unauona?"

"Nauona."

"Kanyaga ndani ya mfereji, si pembeni. Halafu njia inapanda kidogo, halafu kuna bonyeo. Kwenye bonyeo geuza uso uelekee ukutani, utembee kama kaa."

Nusrat alitangulia. Paskazia alimfuata akiwa ameshika mkoba wake kwa nyuma, na mkono mwingine ukiwa umemshika Bi Moza, na Suhaib akafunga mstari akimshika mama yake kiunoni. Walikwenda kwa namna hiyo, kama kiwavi. Radi ilipopiga, ukuta ulitetemeka mabegani mwao. Paskazia alisema kinachokuja, Nusrat akasema alichokiona, na kila maneno yao yalipokutana walipiga hatua.

"Hapa ndipo penye bonyeo?"

"Ndipo. Geuka sasa. Mbele yako kuna jiwe pana, tunaweza kupumzika."

Nusrat hakusogea.

"Mwanangu?"

"Mama, hakuna jiwe pana." Ile sauti tulivu ilikuwa imeanza kukatika. "Pameporomoka. Naona udongo mwekundu tu na maji yanapita. Upande wa pili ndiyo njia inaendelea."

Paskazia alikaza mshiko kwenye mkoba wa Nusrat. Alikuwa amelikanyaga jiwe lile wiki iliyopita. Mguu wake wa kushoto, sasa hivi, bila kuambiwa, ulikuwa umeshainuka kuelekea lilipokuwa.

"Panapitika? Ni upana gani?"

"Mtu mzima anaweza kuruka. Mama hawezi."

"Tazama juu," alisema Paskazia. "Juu ya kichwa chako, kwenye ukuta. Kuna mti umeota kwenye ufa, mizizi yake inaning'inia. Bado upo?"

Doa la tochi lilipanda ukutani.

"Upo. Mizizi minene."

"Ivute. Kwa nguvu. Tumia uzito wako."

"Imeshika."

Suhaib alipita nyuma ya migongo yao, uso umeelekea ukutani, akavuka kwanza kwa kuning'inia kwenye mizizi, miguu yake ikitafuta ng'ambo. Aliipata. Akapanda, akapiga magoti, akanyoosha mikono. Nusrat alivuka akilia bila sauti. Ilibaki zamu ya Bi Moza, mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi iliyojaa tope. Paskazia alipiga magoti kwenye ukingo na kuiweka mikono ya yule mama kwenye mizizi, kidole kwa kidole.

"Niwekee mguu begani," akasema. "Halafu jiachie kwa mwanao."

"Nitakuangusha."

"Hutaniangusha. Nimekaa vizuri."

Uzito wa Bi Moza ulikuja begani mwake, ukatetemeka, ukaondoka. Halafu zilisikika sauti za watu wanaokumbatiana na kugombana kwa wakati mmoja. Paskazia alibaki peke yake upande ule. Alipapasa mizizi, akaishika. Alikuwa anajiandaa kuruka pasipo kujua anaruka kwenda wapi, mkono wa Suhaib ulipokamata kifundo cha mkono wake na kumvuta.

"Njoo," akasema kijana, kwa ukali. "Nimekushika."

*

Pango lilinuka popo na majivu ya zamani. Walikaa wamegusana mabega, wakisubiri meno yaache kugongana. Nje mvua ilikuwa inaning'inia kama pazia.

Suhaib ndiye aliyeanza kuongea. "Tungekufuata," akasema. "Usingesema, tungekufuata wote mpaka pale."

"Ndiyo."

"Na jiwe halikuwepo."

"Halikuwepo," alisema Paskazia.

Hakutafuta neno la kuongeza. Alikuwa ameshajaribu kimoyomoyo, akaona kila analolipata linaanza na kwamba anaupenda mlima huu, na hilo halikuwa jibu la swali la mtu ambaye mama yake alikuwa ananing'inia kwenye mzizi.

Bi Moza alivuta pua. Alikuwa ameutandaza mtandio wake juu ya miguu, akijaribu kuukamua.

"Paskazia."

"Abee, mama."

"Ukinitazama sasa hivi unaona nini?"

Paskazia alimgeukia. Mwanga wa simu ya Nusrat ulikuwa sakafuni. "Naona kama kivuli."

"Na kule juu, kabla ya mvua?"

"Nilikuona uso. Vizuri kabisa. Ulikuwa unacheka."

"Mtandio wangu una rangi gani?"

Alifikiri. Alikuwa amekaa na mwanamke huyu tangu asubuhi, amemshika mkono kwenye kila mpando, amemwosha magoti.

"Sijui," akasema.

"Wa njano," alisema Nusrat kwa upole.

Bi Moza alitikisa kichwa polepole. Hakusema amesamehe na hakusema hajasamehe. Aliendelea kuukamua mtandio, na alipomaliza, aliutandaza upya na kusukuma ncha yake juu ya magoti ya Paskazia.

Nusrat alisogeza mdomo karibu na sikio la Paskazia. "Mama, tukifika chini mimi sitasema kitu. Suhaib nitaongea naye."

"Asante, mwanangu," alisema Paskazia.

Mvua ilipungua, ikawa manyunyu, na mwanga wa jioni ukaingia pangoni, wa kijivu na dhaifu. Muda haukupita sana wakasikia mtu akiita kutoka upande wa chini, kwenye njia ya ng'ombe inayozunguka na kupanda pole, ambayo ni ndefu lakini salama. Alikuwa Jonathan, na koti kubwa la mvua na taa ya kichwani, amelowa mpaka kiunoni. Nyuma yake alikuja mlinzi na taa nyingine na chupa ya chai.

"Nilijua utakuwa umewaleta hapa," Jonathan alisema, akihema. Aliwamulika mmoja mmoja. "Shikamoo, mama. Mko salama? Kuna aliyeumia?"

"Marahaba," alijibu Bi Moza. "Nimepoteza kiatu tu."

"Kiatu ni kitu kidogo." Alicheka kwa nafuu, akamgeukia Paskazia na kumpiga begani. "Huyu mama, bwana, mngekuwa na mwingine sijui ingekuwaje. Mama Precious, tangulia utushushe kabla giza halijaingia. Mimi nitakaa nyuma."

Suhaib alifungua mdomo. Paskazia hakuona, ila alisikia pumzi yake ikivutwa na kusimama. Nusrat alikuwa amemshika mkono. Wote wakasubiri, na tone la maji likaanguka kutoka kwenye mdomo wa pango, halafu jingine.

Njia ya ng'ombe haikuwa na hatari yoyote. Angeweza kuishuka amelala usingizi. Kisha ingekuwa kesho, na wageni wengine, na msimu ungekaribia mwisho wake.

"Tangulia wewe, Jonathan," akasema. "Mimi sioni."

"Una tope machoni? Subiri kidogo, nina maji—"

"Si tope. Ni ugonjwa. Tangu mwaka jana. Hawa wageni ndio walionivusha mimi."

Taa ya Jonathan ilibaki imemmulika usoni. Paskazia hakukinga mkono. Alisikia mlinzi akiguna, na chupa ya chai ikiwekwa chini.

"Mwaka mzima," alisema Jonathan.

"Mwaka mzima."

"Mama Precious." Aliishia hapo. Mwisho alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka ghafla, "Tutaongea kesho. Sasa hivi tushuke."

Alipanga watu. Mlinzi mbele na taa, Nusrat nyuma yake, kisha Suhaib aliyembeba mama yake mgongoni, Bi Moza akilalamika kwamba anaweza kutembea na huku amejikita vizuri kabisa. Jonathan alifuata. Kabla ya kuondoka alirudi nyuma, akauchukua mkono wa Paskazia na kuuweka kwenye bega la koti lake, akauacha hapo.

Wakaanza kushuka. Paskazia hakuwahi kuwa mwisho wa msafara. Hakujua kwamba kutoka nyuma mtu anasikia kila kitu: soli zikinyonya tope, Suhaib akipumua chini ya mzigo wake, Bi Moza akimuuliza mlinzi kama ameoa na ana watoto wangapi, vyura wakiamka mmoja baada ya mwingine pande zote mbili za njia. Majani yalikuwa bado yanadondosha mvua ambayo mbinguni ilikwisha zamani. Mbele, taa ziliruka na kupotea, madoa meupe yasiyomwambia chochote.

Akafumba macho. Bega la Jonathan likashuka kidogo, na mguu wa Paskazia ukashuka nalo.